Dripu ya kasi haimfai kila mtoto mahututi
Wengi huamini kuwa mtoto aliyelazwa kwa homa kali, mikono na miguu ikiwa ya baridi, hupona upesi akimiminiwa maji mengi ya dripu. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kuhusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kinyume: ndani ya saa 48 walifariki takriban asilimia 10.5 ya waliomiminiwa kwa kasi, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa hivyo. Vifo vya ziada vilitokana hasa na mzunguko wa damu kushindwa, wala si mapafu kujaa maji kama ilivyohofiwa. Waliokuwa wakiharisha hawakuhusishwa. Aliyekaukiwa maji kwa kuharisha bado huongezewa haraka.