Miezi 3 ya stendi na miaka 3 ya chuo

Wiki mbili zilizopita alikuja ofisini kwangu hapa Mtwara mjini mzee mmoja kutoka Newala, amefuatana na mpwa wake wa kike aliyemaliza kidato cha sita. Huku kwetu kusini mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake, na mjomba huyu ndiye pia mwenye mikorosho itakayolipa ada. Baada ya shikamoo na marahaba akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne: orodha ya masomo ya digrii ya Matumizi ya Kompyuta, ya chuo kimoja cha India.

"Fundi, hebu nisaidie," akasema. "Pale stendi wanafundisha kompyuta miezi 3 na cheti unapewa. Hawa wanasema miaka 3. Halafu ona hapa, hisabati. Na hapa, hisabati tena. Mtoto anakwenda kusoma kompyuta au anarudia shule?"

Swali hilo naulizwa kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza mifumo ya kumbukumbu, nyingi zikiwa za vyama vya msingi vya korosho, nimeona niliandike jibu mara moja.

Kinachopoteza watu ni hilo jina. Ukisikia "matumizi" unafikiri Word na Excel, yaani kutumia programu aliyoitengeneza mtu mwingine. Hayo ndiyo ya stendi, na siyadharau, yamewapa wengi kazi. Lakini kula korosho na kuibangua ni mambo mawili. Digrii hii inamfundisha mtu kuichukua shida ya watu, iwe ya ghala, zahanati au duka, na kuitengenezea programu ambayo haikuwepo. Huko India ni kozi ya kawaida sana, kwa desturi miaka 3 yenye mihula 6. Hapa nyumbani masomo mengi ya namna hiyo utayakuta kwenye digrii za sayansi ya kompyuta au teknolojia ya habari.

Kinachoanza ni uandishi wa programu. Vyuo vingi huanza na lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha huja Java au Python. Wanafunzi hulalamika: ya nini lugha ya zamani hivyo? Mimi nilikuwa mmoja wao, nikasoma kwa desa, nikafaulu, nikasahau. Kilichonikumbusha ni mwenyekiti wa chama kimoja.

Ilikuwa mfumo wangu wa kwanza, nimeuandika kwa Java. Nikautia takwimu za mfano ili kamati ione: kilo 800,000 za korosho kwa bei ya shilingi 3,000. Yeyote mwenye kikokotoo atakwambia hiyo ni bilioni 2 na milioni 400. Skrini yangu ikaandika −1,894,967,296. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa hiyo chama kinadaiwa?"

Namba nzima ya kawaida ndani ya Java inapewa nafasi ya biti 32, yaani vijisanduku 32 vya sifuri au moja. Nafasi hiyo inabeba mpaka 2,147,483,647 na si moja zaidi. Ukizidisha ikapita hapo, hesabu inazunguka kama mita ya pikipiki iliyomaliza tarakimu, ila hii haiangukii sifuri, inaangukia upande wa hasi. Dawa yake ni neno moja, kutangaza namba ya biti 64, na nilifundishwa muhula wa kwanza kabisa. Ningeandika kwa Python nisingelikuta, maana namba zake nzima zinatanuka zenyewe. Lakini ningelikutana nalo kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta, kwa sababu huko nako kila safu unaipa ukubwa wake. Nchi inayohesabu fedha kwa mabilioni haina ruhusa ya kusahau namba hii.

Miundo ya data na algorithimu, yaani namna za kupanga taarifa na hatua za kuzishughulikia, ndipo kwenye sapu (mitihani ya marudio) nyingi, na mimi huwaambia vijana kwamba ndipo pia utamu ulipo. Somo lenyewe linauliza swali moja: vitu hivi tuvipangeje ili kuvipata kusiwe adhabu? Magunia ghalani yanapangwa juu kwa juu, la mwisho kuwekwa ndilo la kwanza kutoka. Malori nje yamepanga foleni, la kwanza kufika ndilo la kwanza kushusha. Hiyo ni miundo miwili tayari, na karani yeyote anaijua bila chuo.

Nilimpa yule binti daftari la majina lililopangwa kwa alfabeti. Nikamwambia afikirie lina wanachama 6,000, atafute mmoja kwa kufungua katikati kila mara na kutupa nusu isiyo na jina. Itachukua mara ngapi? Akagawanya kwa kalamu pembeni ya karatasi ya mjomba wake: 3,000, 1,500, 750... Jibu ni mara 13 kwa wingi wake. Wakiwa milioni 1, ni 20. Akaniangalia kama nimemfanyia kiinimacho. Ila sharti ni daftari liwe limepangwa. Lisipopangwa unasoma jina moja moja mpaka jioni, na kompyuta nayo inafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba haikunji uso.

Sasa hisabati, iliyomkera mzee. Zipo za aina mbili tatu, takwimu ikiwemo, lakini iliyo moyo wa kozi ni ile ya diskreti: mantiki, seti, kuhesabu namna za kupanga vitu, grafu (nukta zilizounganishwa kwa mistari). Haina uhusiano mkubwa na zile za kidato cha sita za kukokotoa maeneo chini ya mkunjo. Mfano wangu ni huu. Kiongozi mmoja aliniagiza hivi: "Mkulima asiye na akaunti au kitambulisho asiingie kwenye orodha ya malipo." Nikaandika kama nilivyosikia: kataa ikiwa SI kweli kwamba ana akaunti AU ana kitambulisho. Orodha ikatoka na wakulima wenye vitambulisho ambao hawakuwa na akaunti yoyote. Programu yangu ilikuwa ikimkataa tu aliyekosa vyote viwili.

Kiongozi hakukosea Kiswahili. Sisi tukisema "asiye na hiki au kile", tunaelewana kwa mazoea. Mashine haina mazoea. Alichokitaka kinaandikwa: kataa ikiwa SI kweli kwamba ana akaunti NA ana kitambulisho. Ukanushi unapoingia ndani na kushika kila sehemu, "au" inageuka "na", na "na" inageuka "au". Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la Augustus De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19, ambaye, nilimwambia binti, alizaliwa Madurai, hukohuko India unakokwenda. Mzee akacheka. Nadhani hapo ndipo aliposamehe hisabati ya kwanza. Ya pili bado.

Kanzidata nitaikalia kidogo, kwa sababu ndiyo inayonilisha.

Ukifika kwenye chama ambacho hakijapata mfumo, utakuta faili moja ya Excel yenye mistari maelfu. Kila mkulima akileta mzigo, karani anaandika upya jina, kijiji, simu, namba ya akaunti, kilo, daraja. Mkulima mmoja akileta mizigo 9 kwa msimu, jina lake linaandikwa mara 9, na mkono wa binadamu ukiandika jina mara 9 hauliandiki sawa. Mohamedi, Mohammed, Muhamadi. Kompyuta inaona watu watatu. Mbaya zaidi, akibadilisha akaunti, karani anarekebisha mistari 8 na mmoja unampita. Fedha za mzigo ule zinakwenda kwenye akaunti iliyofungwa.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha wazo la kuweka taarifa kwenye majedwali yanayounganishwa kwa thamani zilizomo ndani yake. Nusu ya somo la kanzidata inatoka hapo. Jambo moja liandikwe mahali pamoja. Mkulima ana jedwali lake, na mstari mmoja wenye namba ambayo haifanani na ya mwingine. Mizigo ina jedwali lake, na kila mzigo unabeba namba ya mkulima tu, siyo jina lake. Akibadili akaunti unarekebisha mahali pamoja, basi. Namba hiyo pia ndiyo inayotuokoa na tatizo la kinyume, maana kijiji kimoja cha huku unaweza kukuta akina Saidi Hamisi wanne, wote halali, wote wana korosho.

Nusu ya pili ni muamala. Chukua siku ya kugawa salfa, dawa ya mikorosho. Karani anampa mkulima mifuko 5. Mfumo unatakiwa kufanya mambo mawili: kupunguza 5 stoo na kuongeza 5 kwenye kadi ya mkulima. Umeme ukikatika katikati ya hayo mawili, stoo imepungua na mkulima hana kitu. Jioni watu wanaanza kuangaliana vibaya. Kanzidata nzuri unaiambia kwamba haya ni muamala mmoja, ama yatimie yote, ama iwe kama hakuna kilichotokea. Umeme ukirudi, inajisafisha yenyewe. Nimeona kamati ikinusurika kuvunjika kwa sababu ya mistari miwili ya maelekezo haya, na sijawahi kuona kozi ya miezi 3 inayoyataja.

Mfumo endeshi ni somo la jinsi kompyuta inavyogawa rasilimali zake: kumbukumbu, muda wa prosesa, diski. Sura moja tu nitaitaja, ya mkwamo. Karani wa kwanza ameshika kitabu cha stakabadhi, anasubiri muhuri. Wa pili ameshika muhuri, anasubiri kitabu. Wote wana adabu, hakuna anayemnyang'anya mwenzake, wanaweza kukaa hivyo mpaka magharibi. Programu nazo hukwama hivyohivyo, na njia mojawapo ya kuzuia ni ya kikarani kabisa: kila mtu aanze na kitabu, ndipo muhuri, bila kugeuza.

Mitandao ya kompyuta watu wanafikiri ni kuvuta waya. Kuna waya, ndiyo, lakini somo kubwa ni taratibu za mazungumzo: ujumbe unakatwa vipande, kila kipande kinabeba anwani, kinapita njia yake, vikifika vinapangwa upya, kilichopotea kinaombwa tena. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima? Hapa Mtwara watu walinunua vifurushi juu ya vifurushi wakidhani bando limeisha. Chama kimoja kiliendelea kutoa stakabadhi kama kawaida, kwa sababu seva yake, kompyuta inayotunza taarifa zote, ilikuwa chumba cha pili, kwenye mtandao wa ndani. Kutofautisha mtandao wa ofisi na intaneti ni mada ya wiki ya kwanza.

Uhandisi wa programu ni somo ambalo wanafunzi hulala. Limejaa michoro na maneno marefu kuhusu kukusanya mahitaji. Mimi nililala. Kisha nikatengeneza fomu inayoanza na jina, kijiji, halafu kilo mwishoni. Karani akaitumia siku moja, akarudi kwenye daftari lake, na kwa mwezi mzima akawa anaandika kwa mkono mchana na kuingiza kwenye kompyuta usiku. Hakuniambia. Nilipokwenda kukaa naye pembeni ya mizani ndipo nikaelewa: mpimaji anapiga kelele ya kilo kwanza, gunia likiwa bado linaning'inia, jina linafuata. Fomu yangu ilikuwa inamlazimisha kushika namba kichwani huku akiuliza ukoo wa mtu. Nikahamisha kisanduku kimoja juu. Daftari likafungwa.

Yaliyobaki kwenye karatasi ya mzee ni kutengeneza tovuti, usalama, uhasibu kidogo, stadi za mawasiliano, na mradi wa mwaka wa mwisho. Uhasibu asiudharau, huku utakutana na makato kabla hujakutana na akili bandia. Kwenye mradi, ushauri wangu ni kuchukua shida ya mtu unayeweza kumpigia simu.

Nilimwambia mzee mambo mawili ya mfukoni pia. Kabla hajatuma shilingi, aulize TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama chuo hicho kinatambulika, kwa sababu cheti cha nje kisichotambulika kinamrudisha mtoto stendi. Na laptopu si lazima iwe mpya: yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, hata ikiwa imetumika, inatosha kabisa kuanzia.

Binti naye aliuliza aanzie wapi kabla ya safari. Sikumpa video wala programu. Nilimwomba mjomba amwachie stakabadhi zake za misimu mitatu, achore kwa mkono majedwali ya kuzihifadhi.

Juzi amenitumia picha kwa WhatsApp, karatasi ya daftari la mistari, majedwali matatu yamepigwa kwa rula: mkulima, mzigo, mnada. Jina la mjomba limeandikwa mara moja tu. Nikamuuliza kwa nini mnada ameutenga. "Kaka, bei inabadilika kila mnada, mjomba habadiliki." Nimemrudishia nikimwonyesha kasoro moja, kwamba mzigo hauna tarehe. Akajibu kwamba kwenye stakabadhi mbili za mjomba hazikuandikwa, akaniuliza: sehemu hiyo iachwe wazi, au mfumo uukatae mzigo?

Sijamjibu bado. Nataka kwanza nijue mjomba mwenyewe anasemaje.