Deki Imekufa na Waranti Imeisha: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Deki ikigoma baada ya waranti kuisha, kila anayepita sebuleni ana lake la kusema. Mengi ni maneno ya kurithiana tu, na baadhi yake humtia mwenye deki hasara.

"Waranti imeisha, muuzaji hahusiki tena."

Waranti ni ahadi ya kiwanda. Haki ya mnunuzi kisheria ni jambo jingine, na kuna nchi ambako inadumu kuliko ile karatasi. Katika Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa kasoro kwa angalau miaka 2. Uingereza dai linaweza kufikishwa mahakamani hadi miaka 6 (Scotland ni 5), ingawa muda ukishasogea ni juu ya mnunuzi kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwamo tangu mwanzo. Kwa hiyo tafuta risiti kabla hujatafuta bisibisi. Uliza pia kama wenzako wenye deki ya aina hiyo wamepatwa na jambo lilelile. Juni 2020 deki nyingi za Samsung za Blu-ray (diski zenye picha safi kuliko DVD) zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma, na kampuni ikawaambia wenyewe wazitume zikatengenezwe bure.

"Haisomi diski, basi lenzi imekufa."

Hukumu hii hutolewa haraka mno. Kwanza soma ujumbe ulio kwenye skrini. Ujumbe huo ukitaja eneo (region), deki ni nzima: diski hiyo iliwekewa msimbo wa sehemu nyingine ya dunia. Blu-ray mpya ikikataliwa huku za zamani zinacheza vizuri, huenda programu ya deki imepitwa na wakati, na sasisho la kiwanda, mara nyingi kwa njia ya flashi, linaweza kumaliza kazi.

Kama inasoma CD lakini inakataa DVD, hapo kweli shuku mwanga wenyewe. CD husomwa kwa mwanga wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780, DVD 650, Blu-ray 405, na kwa kawaida kila mwanga una chanzo chake ndani ya kichwa kimoja cha lenzi. Kimoja kinaweza kuchoka, kingine kikabaki imara. Ikikataa zote, anza na vumbi, kisha mota inayozungusha diski. Lenzi husafishwa kwa pamba ya masikio iliyoloweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili, bila kukandamiza, maana imening'inizwa kwenye nyaya nyembamba mno. Chomoa plagi kwanza, na usichungulie lenzi deki ikiwa wazi na inafanya kazi: mwanga wa CD hauonekani kwa macho, lakini unayadhuru.

"Fundi hodari huiongezea lenzi nguvu, ikarudi kama mpya."

Kwenye baadhi ya vichwa vya lenzi kuna skrubu ndogo ya kurekebisha umeme unaokwenda kwenye leza. Ukiizungusha, deki iliyokuwa inakwamakwama husoma papo hapo, na fundi hulipwa kwa shangwe. Lakini leza iliyochoka inayosukumiwa umeme zaidi huungua mapema. Mimi huo siuhesabu kuwa utengenezaji.

Njia ya haki ni kubadilisha kichwa kizima kwa namba yake, kwa mfano SF-HD65, ambayo imetumika kwenye deki nyingi za DVD. Angalizo moja: kichwa kipya mara nyingi huja na tone dogo la risasi ya kulehemu linalounganisha nukta mbili, kukilinda na umeme tuli safarini. Tone hilo huondolewa baada ya kuchomeka waya bapa unaounganisha kichwa na bodi. Likisahaulika, leza haiwaki, na spea nzima inaitwa feki.

"Haiwaki kabisa, basi bodi imeungua."

Mara nyingi tatizo liko kwenye sehemu ya kupokea umeme. Tazama kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama: kichwa chake kinapaswa kuwa bapa, na kikituna, mshukiwa ni huyo. Ila kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa, kwa hiyo asiye fundi aishie kutazama. Na fyuzi iliyokatika isizibwe kwa kipande cha waya. Kilichoikata bado kimo humo ndani.

"Trei haitoki, mota imekwisha."

Mara nyingi ni mkanda wa mpira uliolegea. Ni kazi ndogo.

"Zama hizi hakuna kutengeneza, nunua mpya."

Kwa deki ya DVD ya bei ya chini, mara nyingi ni kweli: kichwa cha lenzi pamoja na ufundi vinaweza kukaribia bei ya nyingine. Kwa VHS, yaani deki ya kanda za video, si kweli, kwa sababu mpya hazitengenezwi tena. Funai ya Japani ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Mwenye kanda za harusi na za wazazi ana sababu ya kumlipa fundi, kisha azinakili zote kwenye kompyuta deki ikiwa bado nzima. Kanda ikikwama ndani, usiivute: utepe wake huwa umezungushwa kwenye ngoma yenye vichwa vya kusomea, na fundi hulazimika kuurudisha kwenye kasha kwanza, kwa kuzungusha mota ya kupakia taratibu kwa mkono.