Akaunti Ikitekwa, Anza na Laini Yako Kabla ya Kupanda Matatu

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, malalamiko yanayofika katika dawati letu la uhalifu wa mitandaoni hapa Kisumu huongezeka, na mengi yana sura moja: mzazi ametumiwa kiungo kinachodaiwa kuwa cha fomu ya basari, amekifungua, ameombwa aweke barua pepe na nywila yake, na kabla jua halijatua akaunti si yake tena. Makala haya hayarudii jinsi ya kukitambua kiungo cha matapeli, kwa kuwa hilo tumelisema redioni na katika mabaraza ya machifu mara nyingi. Yanahusu saa zinazofuata, kwa sababu hizo ndizo tunazoona zikipotezwa.

Ieleweke kwamba polisi hawana mtambo wa kurejesha akaunti, wala Mamlaka ya Mawasiliano haina, wala kampuni yako ya simu. Akaunti ya Gmail iko mikononi mwa Google, za Facebook na WhatsApp ziko mikononi mwa Meta, na kampuni hizo humrudishia akaunti yule anayeweza kuthibitisha kwamba laini, barua pepe au kifaa kilichozoeleka kiko kwake. Mwananchi anayetoka Ahero hadi mjini ili atuombe "tuibonyeze irudi" ametumia safarini muda ule ule ambao simu iliyo mfukoni mwake ingemwokoa.

Laini hutangulia. Ikiwa mtandao umekatika ghafla na simu haipigi wala kupigiwa, huenda mtu ameibadilisha laini yako kwa jina lako, na hapo ni kwenda katika duka la kampuni ya simu na kitambulisho chako, siku hiyo hiyo. Laini ikiwa salama, shughulikia barua pepe, kwa sababu akaunti nyingine nyingi hurejeshwa kupitia hiyo. Fanya hivyo kwa simu unayoitumia siku zote, ukiwa nyumbani au kazini, kwani Google hupima pia kama kifaa na mahali panafanana na ilivyozoea. Hata tapeli akiwa tayari amebadilisha nambari ya urejeshaji, kwa muda wa siku 7 Google huenda bado ikakubali kutuma msimbo kwa nambari ya awali. Baada ya hapo mlango huo hufungwa. Ukiingia, badilisha nywila, ondoa vifaa usivyovijua, kisha ukague mipangilio ya kuelekeza barua kwingine. Tumekuta watu waliorejesha akaunti huku nakala ya kila barua ikiendelea kumfikia mwizi kimyakimya.

Kwa WhatsApp, nitaeleza ya mweka hazina wa chama kimoja kutoka Kondele. Alipokea ujumbe kutoka kwa nambari ya rafiki yake wa kanisani, ukisema, "Dada, nimekutumia tarakimu sita kimakosa, nirudishie." Akaunti ya rafiki huyo ilikuwa imetekwa asubuhi hiyo. Mweka hazina akazituma, kumbe ni msimbo wa kuingilia WhatsApp yake mwenyewe. Jioni, wanachama wenzake waliombwa kwa jina lake na picha yake wamtumie pesa kwa sababu mtoto amelazwa, na wawili walituma. Alipofika kwetu simu yake ilikuwa imefungwa ndani ya leso, imezimwa, na ujumbe ule alikuwa ameufuta kwa hasira.

Alichopaswa kufanya ni kufungua WhatsApp, kuweka nambari yake mwenyewe na kuusubiri msimbo mpya wa tarakimu sita. Ukiuingiza, mwizi hutolewa papo hapo. Ikiwa ameweka nambari yake ya siri ya hatua ya pili, utasubiri siku 7 ndipo uingie bila nambari hiyo, lakini katika siku hizo naye hayumo. Mazungumzo yako ya zamani hayakumfikia kwa njia hii, kwa kuwa hukaa kwenye simu yako. Wakati huo huo mpigie simu mwenyekiti wa chama awatahadharishe wanachama, na yeyote aliyetuma pesa kwa M-Pesa aupeleke ujumbe wa muamala kwa nambari 456 ya Safaricom kuomba pesa zirudishwe, bila kungoja kikao. Pesa zikishatolewa kwa wakala, ombi hilo huwa limechelewa.

Lipo tatizo moja linalotuumiza moyo kwa sababu mara nyingi hatuna dawa yake. Watu wengi wa eneo hili walifunguliwa barua pepe na kijana wa saiba siku walipohitaji PIN ya KRA au cheti cha tabia njema. Kijana yule, bila nia mbaya, aliweka nambari yake mwenyewe ya simu ili msimbo umfikie upesi, akaiandika nywila nyuma ya risiti, foleni ikasonga. Mwalimu mstaafu kutoka Siaya alituonyesha risiti hiyo, ameihifadhi kwa uangalifu ndani ya karatasi ya plastiki pamoja na kitambulisho chake, wino umefifia. Google ilimwuliza kama anaitambua nambari inayoishia na tarakimu mbili zilizokuwa kwenye skrini, naye hakuwahi kuwa na nambari hiyo maishani mwake. Saiba yenyewe ilishafungwa. Vivyo hivyo kwa waliotupa laini zao za zamani: laini isiyotumika kwa muda mrefu hugawiwa mteja mwingine, na misimbo yako humfuata huyo. Leo, kabla hujatekwa, ingia katika barua pepe yako uangalie ni nambari ya nani iliyomo.

Kuhusu taarifa kituoni: andikisha na uchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, kwa sababu bila hiyo uchunguzi hauanzi. Usifute chochote. Picha za skrini zilizochapishwa hazijitoshelezi mahakamani, kwani kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza nakala hiyo ilitolewa na kifaa gani na kwa namna gani, ndiyo maana tunaitaka simu yenyewe. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 30, inamtoza aliyetuma ujumbe wa kumhadaa mtu atoe taarifa zake faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kujifanya mtu mwingine, chini ya kifungu cha 29, ni faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini, chini ya kifungu cha 14, faini yake hufika shilingi milioni 5.

Kifungu hicho cha mwisho kinawahusu pia wale "mafundi" wanaojitangaza kuwa watamdukua mwizi wako kwa malipo ya awali. Wengi wao hupokea pesa wakatoweka, na baadhi humwomba mteja nywila ya akaunti aliyobaki nayo. Usiwape. Ukija kwetu, njoo na kitambulisho, simu yenye ujumbe uliokuhadaa, na nambari iliyopokea pesa.