Kufua kwa ndoo bila umeme: yanayosemwa na ukweli wake

"Bila kufikicha, nguo haitakati." Hili ndilo linalowachubua watu vidole bure. Uchafu unatoka maji ya sabuni yanapopita katikati ya nyuzi, yakienda na kurudi, na kazi hiyo inafanywa vizuri na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko pamoja na ule mpira wa kuzibulia sinki wenye mpini wa mti. Uwe mpya, usiowahi kugusa choo. Utoboe matundu matatu au manne yanayopitisha kidole, la sivyo unang'ang'ania nguo na mkono unachoka mapema. Toboa pia mfuniko katikati, upitishe mpini, maji yasikurukie. Nguo zisizidi nusu ya ndoo, maana zikibanana hazigeuki. Mimi naloweka dakika 20 kisha natwanga dakika 5. Kola na makwapa bado nayafikicha kwanza kwa sabuni ya mche, hapo sidanganyi mtu.

Wengine wanapima usafi kwa povu. Povu halifui. Sabuni ikizidi inagandia kwenye kitambaa, nguo inakakamaa, mtoto anawashwa, nawe unamaliza madumu ya maji kwa kusuuza. Kwa tunaonunua maji, inauma. Na kisima kikiwa na maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, povu litakataa tu: sabuni ya mche inageuka utando mweupe. Hapo tumia ya unga, inavumilia zaidi.

Maji ya moto kwa kila doa? Damu hapana. Ina protini, na moto unaigandisha kama ute wa yai kikaangoni. Anza na maji baridi.

La hatari kuliko yote ni kuchanganya jiki na siki au limao ili nguo ziwe nyeupe zaidi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu. Usiufanye kamwe, hata uani.

Kukamua nako si lazima unyonge shuka mpaka lichanike. Chukua ndoo mbili za aina moja, moja itoboe matundu chini na ubavuni, uipachike ndani ya mwenzake juu ya kipande cha tofali ili maji yapate pa kushukia. Tia nguo, ingiza ndoo ya tatu juu yake, kandamiza kwa uzito wako wote. Utayasikia maji yakichuruzika chini, na shuka likifika kambani linadondosha matone machache tu.