Biokemia ya shahada ya kwanza: hesabu kwanza, majina baadaye

Wengi huingia kwenye digrii ya biokemia wakidhani ni baiolojia iliyoongezewa majina magumu. Majina yapo, tena mengi, lakini kinachowaangusha watu mapema ni hesabu ndogondogo: moli, ujazo, pH, logariti. Kwa maoni yangu, anayezimudu hizo kabla ya kufika kwenye mzunguko wa Krebs ameshavuka sehemu ngumu kuliko zote.

Anzia kwenye bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isiyumbe, kwa sababu protini huishi ndani yake katika karibu kila jaribio utakalofanya. Tuseme unataka lita 1 ya bafa ya Tris, kemikali inayotumika sana kwa kazi hiyo, ya molari 0.1, pH 8.0. Moli moja ya Tris ina gramu 121.14, basi pima gramu 12.11. Yeyusha katika mililita 800 hivi za maji yaliyosafishwa, si katika lita nzima. Tumbukiza kipima pH, dondoshea asidi hidrokloriki huku ukikoroga, na ikisomeka 8.0 ndipo ujaze hadi lita 1. Ukijaza maji kwanza, asidi itazidisha ujazo na ukolezi utashuka chini ya ule uliouandika kwenye chupa. Ukipitiliza pH, usiirudishe kwa sodiamu haidroksaidi: utakuwa umeongeza chumvi ambayo hukuipanga, na kuna vimeng'enya vinavyobadili kasi kwa chumvi. Anza upya.

Halafu kuna joto, na hapa hata wanafunzi makini hukosea. pKa ya Tris, yaani pH ambapo nusu ya chembe zake zimepoteza protoni, ni takriban 8.1 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na hushuka kwa karibu 0.03 kila joto linapopanda nyuzi moja. Bafa uliyoirekebisha kuwa 8.0 mezani itakuwa karibu 8.6 ukiiweka kwenye nyuzi 4. Kwa hiyo rekebisha pH kwenye joto lilelile utakalofanyia kazi. Fosfati haiyumbi kiasi hicho, ila ukiichanganya na kalsiamu utaona mashapo meupe.

Mlinganyo wa Henderson–Hasselbalch, unaounganisha pH na pKa, usiukariri tu. Uelewe kama uwiano. pH ikizidi pKa kwa 1, kuna chembe 10 zilizopoteza protoni kwa kila 1 iliyobaki nayo. Ndiyo maana bafa iliyo mbali na pKa yake kwa zaidi ya 1 haina nguvu. Mlinganyo huohuo unakupa chaji za asidi amino: mnyororo wa pembeni wa histidini una pKa ya karibu 6, hivyo kwenye pH 7 ni kama 1 kati ya 11 tu ndio wenye chaji chanya.

Kwenye vimeng'enya, jifunze kugeuza usomaji wa mashine kuwa moli. NADH, molekuli inayobeba elektroni, hufyonza mwanga wa nanomita 340, na kigezo chake cha ufyonzaji ni 6220 kwa molari kwa sentimita. Ufyonzaji ukishuka kwa 0.311 kwa dakika katika kuveti ya sentimita 1, gawanya kwa 6220: unapata mikromolari 50 kwa dakika. Katika mililita 1 hizo ni nanomoli 50. Usiamini kirahisi usomaji unaokaribia 2, kwani hapo ni asilimia 1 tu ya mwanga inayopenya.

Ili kupata Km, yaani ukolezi wa kitendanishi unaokipa kimeng'enya nusu ya kasi yake ya juu kabisa, pima kasi ya mwanzo tu, kabla asilimia 10 ya kitendanishi haijaliwa. Tandaza ukolezi kuanzia chini ya Km, tuseme 0.2 yake, hadi mara 5 ya Km. Ukipima juu tu, grafu inakuwa bapa na Km haionekani. Mstari ulionyooka wa Lineweaver–Burk, unaochora 1/v (v ni kasi) dhidi ya 1 gawanya kwa ukolezi, unafaa kwa kutazama, lakini kugeuza 1/v kunakuza makosa ya vipimo vidogo kabisa. Tafuta thamani kwa kulinganisha na mchirizi wenyewe wa Michaelis–Menten, ule wa kasi dhidi ya ukolezi, kwenye kompyuta.

Pipeti nayo ina vituo viwili. Vuta kwa kituo cha kwanza, toa kwa cha pili; anayevuta kutoka cha pili huchukua ziada kila mara na hajui.

Glikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi hadi piruvati, ina hatua 10. Usizimeze kama shairi. Fuata kaboni, fuata elektroni, kisha tafuta hatua zisizorudi nyuma: ya heksokinesi, ya fosfofruktokinesi na ya piruvati kinesi. Udhibiti uko hapo. Kuhusu hesabu ya ATP, molekuli ya nishati ya seli, kwa glukosi moja, vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, vipya 30 au 32. Vipya vinahesabu takriban ATP 2.5 kwa NADH na 1.5 kwa FADH2, mbebaji mwingine wa elektroni, badala ya 3 na 2. Tofauti ya 30 na 32 inatokana na njia inayoingiza elektroni za NADH ya sitosoli (majimaji ya seli nje ya mitokondria) ndani ya mitokondria: gliseroli fosfati hutoa 30, malati–aspartati 32. Kwenye mtihani andika umetumia ipi, maana namba peke yake haisahihishiki.