Bunduki ya Kale ya Mitutu Miwili "Iliyokarabatiwa": Maana Yake ni Nini?

Katika biashara ya silaha za kale nchini Uingereza, neno "iliyokarabatiwa" hutumika kwa ukarimu mno. Likitajwa kuhusu bunduki ya marisau ya mitutu miwili iliyoundwa London au Birmingham zaidi ya miaka mia moja iliyopita, laweza kumaanisha kwamba fundi ameitoa kutu na kuipaka mafuta, na laweza vilevile kumaanisha kwamba mitutu yake ya asili ilikatwa, ikatiwa mingine. Kwa maoni yangu, bunduki iliyokarabatiwa ni ile iliyorudishiwa sura na kazi yake kwa kutumia vipande vyake vyenyewe kadiri inavyowezekana, na ambayo mitutu yake, ikiwa imeguswa na tupa au msasa, imepelekwa kujaribiwa upya na kupigwa muhuri. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wauzaji wengi huipita haraka.

Umbo la bunduki hizi lilikamilika katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kabla ya hapo, hata bunduki za Joseph Manton, fundi mashuhuri wa London ambaye James Purdey alifanya kazi kwake kabla ya kufungua karakana yake mwenyewe mwaka 1814, zilishindiliwa baruti na marisau kwa mdomoni, sawa na gobore. Katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 Waingereza waliiona bunduki ya Mfaransa Lefaucheux, inayokunjuka kwenye bawaba ili risasi itiwe kwa nyuma, na mafundi wao wakaichukua fikra hiyo na kuiendeleza. Mwaka 1863 Purdey alisajili komeo linalofunga mitutu kwa uthabiti, na mwaka 1875 Anson na Deeley, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Westley Richards mjini Birmingham, walibuni mtambo ambao nyundo zake zimefichwa ndani na hujitega zenyewe mitutu inapokunjuliwa. Fundi wa leo anayefungua bunduki ya wakati huo hukuta mpangilio ambao bado unatumika viwandani.

Kipimo kinachopatikana zaidi ni 12, na namba hiyo haihesabu milimita wala inchi. Ratili moja ya madini ya risasi ikigawanywa katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande kikafinyangwa kuwa gololi, gololi hiyo itaenea barabara ndani ya mtutu, ambao upana wake ni karibu milimita 18.5. Ndiyo maana mtutu wa kipimo 20 ni mwembamba kuliko wa 12, jambo ambalo huwachanganya wanaokutana nalo mara ya kwanza.

Mitutu yenyewe ndiyo roho ya bunduki na ndiyo inayomsumbua mkarabati. Mingi ya ile ya zamani haikutobolewa katika kipande kimoja cha feleji: mhunzi alichukua vijiti vya chuma laini na vya feleji, akavisokota pamoja kama kamba, akavizungusha kwenye fimbo ya chuma na kuviunga kwa moto na nyundo mpaka vikawa bomba. Ukiisafisha mitutu hiyo na kuipitishia asidi nyepesi, chuma na feleji huliwa kwa viwango tofauti, na mistari ya msokoto huchomoza juu mfano wa mawimbi madogo. Pambo hilo, linaloitwa damaski, halikuchorwa na mtu. Ni alama ya namna bomba lilivyoundwa. Fundi huirudisha rangi yake kwa kuiacha mitutu ishike kutu nyembamba, kuichemsha katika maji na kuisugua, kisha kurudia hivyo kwa siku kadhaa mpaka kahawia ikolee. Anayeipaka rangi ya dukani ameificha kazi ya mhunzi, hakuikarabati.

Tatizo ni kwamba baruti nyeusi ya zamani iliacha mabaki yaliyokula chuma kwa ndani na kutoboa vishimo. Kuviondoa vishimo hivyo ni kuukwangua mtutu, na kila mkwaruzo huupunguzia unene. Ukuta unaoshuka chini ya elfu ishirini za inchi, yaani karibu nusu milimita, huhesabiwa na mafundi wengi kuwa umefika ukingoni. Hapo ndipo jaribio linapohitajika. Chama cha Wafua Bunduki wa London, chenye nyumba ya majaribio, kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Katika nyumba hizo bunduki hufyatuliwa kwa risasi yenye nguvu kupita ile ya kawaida, na ikistahimili hupigwa mihuri chini ya mitutu. Sheria ya mwaka 1868, ambayo bado inatumika pamoja na marekebisho yake, inakataza kuuza bunduki ambayo mtutu wake umepanuka kupita kipimo kilichoandikwa kwenye muhuri. Tena muhuri wa baruti nyeusi si kibali cha kutumia baruti isiyo na moshi, na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ikiwa fupi ya inchi mbili na nusu haifai kutiwa risasi ndefu ya kisasa, hata kama risasi hiyo inaingia bila taabu.

Kazi za mbao ni za kupendeza lakini hazina hatari hiyo. Kitako cha mti wa mjozi kilichobonyea huwekewa kitambaa chenye maji na chuma cha moto, mvuke ukainua nyuzi za mbao, kisha hupakwa mafuta ya kitani kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kazi inayonivutia zaidi ni ile ya kuondoa ulegevu wa bawaba: fundi hupitisha chuma juu ya moshi wa taa, hufunga bunduki, huifungua, hutazama masizi yamefutika wapi, hukwangua palepale kidogo tu, halafu huanza upya. Kwa subira hiyo mitutu hukaa tena kwenye uso wa mtambo bila mwanga kupenya.

Mitutu ikiwa imekwisha kabisa, fundi huikata inchi chache mbele ya chemba na kupachika mabomba mapya ndani ya kipande cha nyuma. Bunduki hupona, hujaribiwa upya, na hufaa kwa uwindaji kwa miaka mingi, ila thamani yake kwa mkusanyaji hushuka sana, nami naona ni haki ishuke. Kwa kuwa kazi hiyo lazima iandikwe kwenye chuma, mnunuzi ana njia rahisi ya kujua ukweli: aombe kipande cha mbao cha mbele kitolewe, mitutu igeuzwe chini juu, ayasome maandishi hayo pamoja na mihuri. Kisha aining'inize mitutu kwa ndoano yake na kuigonga kwa ukucha. Ikilia kama kengele, lehemu inayoishikanisha iko salama. Ikitoa mlio mfu, imeachia mahali.