Mkono wa upande uliopasuliwa

"Mwanangu, ndoo nitabeba lini?"

Aliyeniuliza ni mama muuza chapati. Kwa sababu ya saratani alikuwa ameondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapa, kisha akapigwa mionzi. Miezi minane ilikuwa imepita bila kukanda unga. Mkono ameukunja kifuani kama wa mtu aliyevunjika, bega limepanda juu, na kila nikijaribu kuunyoosha ananiangalia usoni kwanza. Aliambiwa asibebe kitu kizito, naye akatii. Unga anakandiwa na binti yake, maji anatekewa na jirani, na mjukuu analilia mgongo wa bibi asiupate.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na maneno hayo ya "usibebe" nimeyatoa kwa wagonjwa wengi kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Ndiyo maana naona nina deni la kueleza tafiti zilizonibadilisha.

Tezi za kwapani ni zile ambazo zikivimba tunasema mtu ana mtoki. Kazi yake mojawapo ni kuchuja maji ya limfu yanayorudi kutoka mkononi. Daktari huziondoa ili ajue kama saratani imefika huko, na mionzi nayo huacha kovu. Njia zikipungua, maji yanakwama. Dalili huanza kidogokidogo: bangili inabana, mkono wa blauzi upande mmoja haupiti, jioni mkono unakuwa mzito, ukibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Uvimbe ukikaa muda mrefu ngozi inakakamaa, na hapo kuurudisha ni kazi kubwa.

Hoja ya zamani ilikuwa hivi: kazi ngumu huvuta damu nyingi mkononi, maji yanaongezeka, njia ni chache, basi mkono upumzishwe. Inaingia akilini kabisa. Ila ilikuwa dhana, na watu walipoipima haikusimama.

Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, Dkt. Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya titi akawafundisha kupiga kasia kwenye mitumbwi mirefu. Kasia, jamani! Kazi ya mabega na mikono tupu, ndiyo hasa waliyokatazwa. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Kundi lilikuwa dogo na halikuwa na wa kulinganishwa nao, lakini mlango ulifunguka.

Utafiti ninaouheshimu zaidi uliongozwa na Dkt. Kathryn Schmitz katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, matokeo yakatoka mwaka 2009. Wanawake 141 ambao mkono ulikuwa umeshavimba waligawanywa makundi mawili bila kuchaguana. Kundi moja lilinyanyua vyuma mara 2 kwa wiki kwa mwaka mzima, jingine likaendelea na maisha yake. Mikono ilipimwa kwa kuitumbukiza kwenye chombo cha maji na kupima maji yanayomwagika, kwa hiyo hapakuwa na kukadiria kwa macho. Mwisho wa mwaka, mikono iliyoongezeka kwa asilimia 5 au zaidi ilikuwa asilimia 11 kwa walionyanyua na asilimia 12 kwa wasionyanyua; yaani tofauti hakuna. Lakini uvimbe kuchachamaa ghafla kuliwapata asilimia 14 ya walionyanyua, dhidi ya asilimia 29 ya wenzao. Nusu! Na nguvu ziliongezeka.

Mwaka uliofuata wakatoa matokeo ya wanawake 154 ambao bado hawakuwa na uvimbe. Waliopata uvimbe kati ya walionyanyua walikuwa asilimia 11, wenzao asilimia 17. Kwa walioondolewa tezi 5 au zaidi ilikuwa asilimia 7 dhidi ya 22. Hili la mwisho linanigusa, maana wengi wanaofika kwangu wamechelewa na wameondolewa tezi nyingi. Ni kundi dogo, hivyo silitegemei peke yake, lakini limeniondolea woga.

Msomaji asikimbilie ndoo leo. Wale wanawake walianza na uzito mdogo sana au bila uzito kabisa, wakaongeza polepole, na waliovimba walivaa soksi ya kubana mkono. Wiki 13 za mwanzo walikuwa na mkufunzi. Naona hapo ndipo siri ilipo. Schmitz huyohuyo na wenzake walipofanya utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2019, kwa wanawake 351 wenye uzito mkubwa na mkono uliovimba, mazoezi yalifanyika zaidi nyumbani. Uvimbe haukupungua, hata kwa waliopunguza uzito. Nilipousoma niliacha kumpa mgonjwa karatasi ya mazoezi na kumwambia aende. Sasa nawakusanya sita au saba, mara 2 kwa wiki, tunanyanyua pamoja na ninaona kwa macho nani anainua kwa bega badala ya kiwiko.

Uzito wetu ni chupa ya maji ya nusu lita. Kipimo ni futi ya fundi cherehani: naanzia kifundo cha mkono, napanda kila sentimita 10, naandika mikono yote miwili. Tofauti ikifika sentimita 2 tunasimama na kuchunguza.

Kitu kinachonitia hofu kuliko uzito ni vidonda. Utafiti wa Boston wa mwaka 2016, wenye wagonjwa 632, haukuona uvimbe ukihusiana na kutolewa damu wala kupimwa presha kwenye mkono huo. Ulioonekana ni uhusiano na kuondolewa tezi nyingi za kwapa, mionzi ya tezi, unene, na maambukizi ya ngozi. Kwa hiyo mama akikuna nazi akajikwaruza kwenye mbuzi, au mafuta ya kaangio yakimrukia, aoshe mara moja kwa sabuni. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ikapanda, aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kesho.

Mama wa chapati alianza na chupa tupu. Mwezi wa tatu alileta unga wake kwenye mazoezi, kilo 1, akaukanda mbele yetu, na futi kesho yake ilisoma vilevile. Siku hizi anakanda kilo 2 alfajiri. Ndoo ya lita 10 anajitwisha mwenyewe. Ya lita 20 bado, na ananidai tarehe kila wiki.